Mwandishi wa Habari wa Kerala Aliyeko Ghuba na Hadithi Zake Fupi za Kimalayalam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwandishi anayezungumziwa hapa ni mtu wa namna gani?

Ni mzaliwa wa Kerala, jimbo jembamba lililo kando ya Bahari ya Arabu kusini magharibi mwa India, ambaye riziki yake imempeleka kwenye chumba cha habari cha Dubai, Abu Dhabi, Maskati, Doha, Manama au Jeddah, na ambaye zamu yake ikiisha hukaa kuandika hadithi fupi kwa Kimalayalam, lugha aliyolelewa nayo. Kwao humwita pravasi, yaani mtu aishiye ugenini, na jina hilo anashirikiana na fundi bomba, muuguzi, dereva na mwenye maduka. Majibu yanayofuata hayamhusu mtu mmoja. Yanahusu kundi la waandishi ambalo limekuwepo kwa zaidi ya miaka arobaini na ambalo nje ya Kerala halijulikani sana.

Kwa nini Wakerala ni wengi hivyo Ghuba?

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nchi za Ghuba zilianza kujenga barabara, bandari, hospitali na shule kwa kasi iliyohitaji mikono mingi kuliko waliyokuwa nayo wenyeji, wakati ambapo Kerala ilikuwa na vijana wengi waliosoma na ajira chache. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, walikuwepo waliovuka kwa majahazi bila hati yoyote na kushushwa majini karibu na Khor Fakkan ili waogelee hadi ufukweni. Taasisi ya Centre for Development Studies ya Thiruvananthapuram, ambayo imekuwa ikiwahesabu wahamaji wa jimbo hilo tangu 1998, ilikadiria mwaka 2018 kwamba Wakerala zaidi ya milioni 2 walikuwa wakiishi nje ya India, wengi wao wakiwa Ghuba.

Watu hao walisafiri na mazoea yao ya kusoma. Kerala ni jimbo la magazeti: Deepika lilianza 1887, Malayala Manorama likaanza kuchapishwa 1890, Mathrubhumi likafuata 1923, na mwezi Aprili 1991 serikali ilitangaza kwamba jimbo zima limefuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mtu anayebeba matofali mchana kutwa huko Sharjah anaweza kabisa kuwa msomaji mkali wa jarida la fasihi, na mhariri anayelisahau jambo hilo hukumbushwa kwa barua.

Anafanya kazi katika vyombo gani?

Wapo walioajiriwa na magazeti ya Kiingereza, kama vile Khaleej Times na Gulf News, ambayo yote mawili yalianza mwaka 1978 na yametegemea sana wahariri na waandishi kutoka India. Wapo pia wanaohudumia vyombo vya Kimalayalam vyenyewe. Gazeti la Gulf Madhyamam lilianza Bahrain mwaka 1999, na mwaka huohuo gazeti la kila siku la Malayalam News likazaliwa Jeddah chini ya kampuni ya uchapishaji ya Saudia, jambo ambalo hadi leo huwashangaza wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Redioni, Radio Asia imekuwa ikitangaza kwa Kimalayalam kutoka Ras al Khaimah tangu miaka ya 1990, na baada ya kituo cha televisheni cha Asianet kuanzishwa mwaka 1993, wawakilishi wa vituo vya Kerala nao wakaongezeka katika miji ya Ghuba.

Aliye kwenye gazeti la Kiingereza mara nyingi hulipwa vizuri zaidi, na aliye kwenye la Kimalayalam hujulikana zaidi. Huyu wa pili akiingia kwenye mkahawa wa Karama, mtaa wa Dubai wenye Wahindi wengi, huenda asiruhusiwe kulipia chai yake, lakini pia hatamaliza kuinywa kabla hajasimuliwa mashtaka matatu dhidi ya waajiri.

Siku yake ya kazi ikoje?

Kwa mhariri wa meza, siku huanza alasiri na kuisha usiku wa manane. Kwa ripota, haina mipaka inayoeleweka. India iko mbele ya Dubai na Maskati kwa saa moja na nusu, kwa hiyo anayepeleka habari kwenye toleo la Kerala hufukuzwa na saa ya Kozhikode au Kottayam huku watu anaotaka kuwahoji bado wako kazini. Habari zenyewe hujirudia kwa misimu: nauli za ndege zinazopaa shule zikifungwa Julai na Agosti, msamaha kwa waliopitisha muda wa visa, ziara za mawaziri kutoka nyumbani, sherehe za Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, washindi wa bahati nasibu. Kisha kuna vifo.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu habari za vifo ndizo zinazomfunza kazi. Mfanyakazi anapofia Ghuba, mwili wake unahitaji cheti cha kifo, idhini ya polisi, kufutwa kwa visa, barua ya ubalozi, kutiwa dawa ya kuhifadhi na nafasi kwenye ndege, na mara nyingi anayezunguka na karatasi hizo si ndugu bali ni mtu wa kujitolea kutoka chama cha watu wa wilaya moja. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2019 shirika la ndege la Air India lilikuwa likitoza usafirishaji wa maiti kwa uzito, mwili na jeneza vikiwekwa kwenye mizani kama mzigo mwingine wowote, na ni kelele za vyama hivyo na za magazeti zilizochangia kuwekwa kwa ada moja isiyobadilika. Ripota aliliandika jambo hilo kwa miaka mingi akitaja jina la marehemu, kijiji chake, kiasi kilicholipwa na chama kilichochanga. Alichokiona akiwa amesimama pembeni ya mizani hakikuwa na nafasi gazetini.

Je, anaruhusiwa kuandika kila anachokiona?

Hapana, na sababu si moja. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya uchapishaji ya mwaka 1980 ndiyo iliyotawala hadi ilipokuja sheria mpya ya vyombo vya habari ya mwaka 2023, na pembeni yake ipo sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2021, inayoadhibu uvumi na taarifa zinazohesabiwa kuwa za uongo. Watawala, dini, uhusiano na nchi jirani na heshima ya taifa ni mambo ambayo mhariri hahitaji kukumbushwa.

Ila sheria haifanyi kazi peke yake. Ukaazi wa mgeni hufungamana na ajira, na ajira hufungamana na mdhamini, hivi kwamba mtu akipoteza kazi, hesabu ya siku za kuondoka huanza, na pamoja naye huhesabiwa mke, watoto, ada ya shule na mkopo wa nyumba aliyoianza kuijenga kijijini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya udhibiti hutokea kabla kalamu haijagusa karatasi. Asiyewahi kuishi kwa visa ya mwajiri asiharakishe kuuita huo woga.

Basi hadithi fupi ndiko anakoyasemea yaliyokatazwa gazetini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu linalotarajiwa ni ndiyo. Jibu la kweli lina kona zake.

Kwanza, Kimalayalam hakimfichi. Hadithi inaweza kutoka kwenye jarida la Kerala, lakini kesho yake inasomwa simuni na watu wa ofisini kwake, na msimamizi wake wa kazi huenda naye anatoka Kannur, kulekule Kerala. Katika mji ambao Wakerala ni wengi kiasi hicho, lugha ya nyumbani huongeza idadi ya wanaomtambua.

Pili, yaliyokatazwa kwa kawaida si yale hadithi inayoyahitaji. Gazeti linakataa jina la kampuni iliyozuia mishahara. Hadithi haina haja na jina hilo. Inachotaka hadithi ni yule mtu asiyelipwa miezi minne ambaye kila Ijumaa humpigia mkewe simu na kumwuliza bei ya samaki, akitoa maoni kuhusu bei hiyo kama mtu mwenye fedha mfukoni. Jambo hilo halikukatwa na mdhibiti yeyote. Lilikatwa na fani ya habari yenyewe, ambayo haina safu ya kuliweka.

Tatu, na hili waandishi wenyewe hulizungumza kwa tahadhari, aliyehojiwa na ripota alikubali kuwa habari. Hakukubali kuwa hadithi. Mjane aliyemfungulia mwandishi mlango wa nyumba yake kule Malappuram akijikuta miezi sita baadaye ndani ya jarida la fasihi, amebadilishwa jina tu na kuachiwa pete ileile na ukohozi uleule, ana haki ya kuhisi ameibiwa. Waandishi waangalifu huichelewesha hadithi kwa miaka, huhamisha wilaya, hugeuza mjane kuwa kaka. Kwa maoni yangu hadithi zilizocheleweshwa ndizo nzuri zaidi pia, kwa sababu muda huo humlazimisha mwandishi kubuni, na anayebuni huelewa zaidi kuliko anayenakili.

Kwa nini hadithi fupi, si riwaya?

Sababu ya wazi ni muda: anayetoka kazini saa saba usiku anaweza kuibeba hadithi moja kichwani kwa wiki mbili, ila riwaya itamponyoka. Sababu nyingine ni ya kihistoria. Hadithi inayohesabiwa na wengi kuwa fupi ya kwanza ya Kimalayalam, Vasanavikriti, ilichapishwa mwaka 1891 katika jarida la Vidyavinodini, na mtunzi wake, Vengayil Kunhiraman Nayanar, alikuwa mwanahabari aliyetumia jina la Kesari. Fani hiyo tangu siku ya kwanza ilikuwa ya watu wa magazeti na ilisomwa jaridani kabla ya kusomwa vitabuni.

Jarida la wiki la Mathrubhumi, lililoanza 1932, limekuwa mlango ambao kila mtunzi chipukizi ameugonga, na M. T. Vasudevan Nair, mshindi wa Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, aliyefariki Desemba 2024, alikuwa mhariri wake kwa miaka mingi huku naye akitunga. Yapo pia matoleo maalumu ya Onam, mazito kwa kurasa, ambayo hadithi zake hujadiliwa hadi mwaka mpya. Utamaduni wa namna hii humpa mwandishi wa Doha kitu adimu: hadithi ya kurasa kumi inaweza kumfanya ajulikane jimbo zima bila kuwa na kitabu hata kimoja.

Tena ugeni wa kwanza wa mwandishi wa Kerala haukuwa Ghuba. Kizazi cha kabla yake kilikwenda Delhi. O. V. Vijayan alichora katuni za magazeti huko, M. Mukundan alifanya kazi katika ubalozi wa Ufaransa, na kati yao fasihi ya Kimalayalam ilipata sauti mpya kutoka mji ambao lugha hiyo haizungumzwi mitaani. Mwandishi wa Ghuba amerithi njia hiyo, ingawa ile heshima waliyopewa wa Delhi alicheleweshewa. Kwa muda mrefu wahakiki wa nyumbani walimwona mtu wa Ghuba kuwa mtuma fedha, na wakahitaji kusukumwa kabla ya kumkubali kuwa mtunzi.

Anaandika Kiingereza kila siku. Kwa nini asitunge kwa Kiingereza?

Kiingereza chake ni cha kazini: kimefanyiwa zoezi la kutokuwa na kwao. Kikimtaja mfanyakazi aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu, kinatoa umri, uraia na jina la hospitali. Kimalayalam hakiwezi kumtaja mtu huyo bila kufichua kwao. Akifungua mdomo tu, msomaji anajua kama ametoka Malabar ya kaskazini au Thiruvananthapuram kusini, na mara nyingi anajua dini yake na kiwango cha elimu yake. Mazungumzo ya watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga huko Deira, mtaa wa Dubai, yanaweza kubeba ramani ya Kerala nzima.

Isitoshe, lugha ya Waislamu wa Malabar ina maneno mengi ya Kiarabu, na kwa karne kadhaa iliandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa alama za kubeba sauti za kienyeji. Msomaji aliyewahi kuona tenzi za Lamu au Pate katika hati za zamani ataelewa mara moja hali hiyo. Kutoka kwenye jamii hiyo zilitoka pia nyimbo za barua, ambamo mke aliyeachwa nyumbani humwandikia mume aliyeko Ghuba, na mume hujibu kwa wimbo. Nyimbo hizo zilivuma sana enzi za kaseti, na ziliifikia mada ya ndoa za mbali kabla ya watunzi wengi wa hadithi kuigusa.

Hadithi hizi huzungumzia nini?

Kwa muda mrefu zilizungumzia mambo machache yaleyale: sanduku lililofungwa kamba likifunguliwa mbele ya ndugu wenye macho, jumba kubwa lililojengwa kwa fedha za Ghuba na kufungwa kufuli kwa sababu hakuna wa kulikaa, mzee anayerudi akiwa mgeni kwa wanawe. Ni mambo ya kweli yaliyochoshwa na matumizi.

Riwaya ya Benyamin, mtunzi wa Kerala, iitwayo Aadujeevitham, iliyotoka 2008 na kushinda tuzo ya Kerala Sahitya Akademi, ilimhusu mtu aliyefungiwa kazi ya kuchunga mbuzi jangwani Saudia, na mafanikio yake yaliwafanya wahariri watake jangwa kila mahali. Mwandishi wa habari amekaa kwenye hali tatanishi hapo. Kambi za wafanyakazi, kama zile za Muhaisnah huko Dubai zinazoitwa Sonapur na wakazi wake, yeye amezitembelea akiwa na daftari na gari la kumsubiri nje. Anachokijua kwa ndani ni ofisi: fitina za uraia na mishahara isiyolingana kwa kazi ileile, mhariri wa miaka ishirini anayefundisha kijana atakayekuja kuwa mkuu wake, orodha ya watakaopunguzwa inayosubiriwa kila Desemba. Ningependa kusoma hadithi nyingi zaidi za ofisi hizo na chache zaidi za ngamia.

Anaandika lini na kwa chombo gani?

Alfajiri au siku ya mapumziko. Kuhusu chombo, mambo yamekuwa mepesi. Mageuzi ya mwandiko ya mwaka 1971 yalipunguza maumbo ya herufi yaliyohitajika na wapiga chapa kutoka mamia hadi takriban tisini, lakini hata hivyo taipureta ya Kimalayalam haikuwa kitu cha kuipata Abu Dhabi, na wengi waliandika kwa mkono na kutuma bahasha kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Leo simu yoyote ina herufi hizo.

Huchapisha wapi, na hulipwa?

Majarida ya wiki hulipa, ila kiasi chake ukikibadilisha kuwa dirhamu hakimalizi bili ya maji. Vitabu vina historia yenye heshima: mwaka 1945 waandishi wa Kerala walianzisha huko Kottayam chama chao cha ushirika cha uchapishaji, ambacho kililipa mrabaha wa kiwango cha juu kuliko wachapishaji wa kawaida, na mji huohuo ndio makao ya DC Books, iliyoanzishwa 1974.

Kwa mwandishi wa Ghuba tukio kubwa la mwaka ni Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Sharjah, yaliyoanza 1982 na kufanyika kila Novemba katika miaka ya karibuni. Upande wa wachapishaji wa India hugeuka Kerala ndogo kwa siku kumi na mbili, vitabu vikizinduliwa kwa kufuatana, mtunzi wa saa kumi na moja akisubiri wa saa kumi na nusu apige picha yake ya mwisho. Vingi vya vitabu hivyo vimelipiwa na watunzi wenyewe na havijapitiwa na mhariri, na mwandishi wa habari anayevipokea kwa mikono miwili, akiombwa aviandikie chochote, huwa katika taabu ya adabu ambayo hakuna sheria ya habari iliyoitabiri. Vyama vya Wakerala, kikiwemo Keraleeya Samajam cha Bahrain kilichoanzishwa 1947, huandaa mikutano ya kusoma na mashindano ya hadithi, na humo hupatikana ukosoaji wa haki zaidi.

Familia yake iko wapi?

Hutegemea mshahara. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mwenye kutaka kuileta familia anatakiwa awe na angalau dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi, na hicho ni kima cha kisheria tu, wala si cha kuishi. Walioweza huwapeleka watoto katika shule za Kihindi. Watoto hao huzungumza Kimalayalam mezani, lakini wengi hawakisomi, licha ya madarasa ya hiari yanayosimamiwa na mradi wa Malayalam Mission wa serikali ya Kerala. Kwa hiyo wapo watunzi wenye wasomaji maelfu ambao binti zao hawajasoma hadithi yao hata moja, ila kwa tafsiri au kwa kusomewa.

Ana uhusiano wowote na Waswahili?

Anao, hasa Maskati. Waomani wenye asili ya Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki wapo katika wizara na makampuni anayoyafuatilia, na mwandishi wa Kerala aliyekaa Ruwi, mtaa wa Maskati, miaka kadhaa hujua kukitambua Kiswahili kikizungumzwa kwenye ukumbi. Uhusiano wenyewe ni mkongwe: Vasco da Gama alipotoka Malindi mwaka 1498 na rubani aliyepewa huko, alifika Calicut, Kozhikode ya leo, kwa njia ambayo mabaharia wa pande zote mbili walikuwa wakiitumia kwa upepo wa kusi tangu zamani.

Anaweza kubaki Ghuba maisha yake yote?

Uraia kwa kawaida haupatikani. Ajira ikiisha, sheria ya Falme inampa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Siku hizi zipo visa za muda mrefu, zikiwemo za watu wa sanaa, na waandishi kadhaa wamezipata. Wengi hata hivyo hurudi. Huko nyumbani wana haki ya kura waliyopewa kisheria mwaka 2010, ila kwa sharti la kufika kituoni wenyewe.

Akirudi Kerala, huandika kwa uhuru zaidi?

Visa haimtishi tena, hilo ni kweli, ingawa anayeacha nyuma mtoto aliyeajiriwa Dubai bado hupima maneno. Tatizo lake jipya ni kwamba mji anaoujua unabomolewa na kujengwa upya kila mwaka, na msamiati wake wa mitaa huchakaa. Benyamin aliishi Bahrain kuanzia 1992 hadi 2013, na Aadujeevitham aliitoa akiwa bado huko. Riwaya yake kuhusu maandamano ya umma katika mji wa Kiarabu usiotajwa jina, inayosimuliwa na msichana mtangazaji wa redio, ilitoka 2014, mwaka mmoja baada ya kurudi kwao.